Punje za Manjano

Mwezi wa Aprili, theluji ikianza kuoza,
Saimi Huttula hupiga magoti msituni
kwa mshahara wa manispaa ya Kuopio.
Haombi. Anatafuta mavi.

Mavi ya kindi arukaye,
yule mwenye ngozi iliyotandwa toka kiganja hadi wayo:
punje ndogo, njano kama wali uliotiwa bizari,
zimemwagika shinani mwa msonobari
kana kwamba huko juu kuna mtu anayekula bila sinia.

Akizipata, hunipigia simu.
"Kumi na nne," husema. Habari za asubuhi hana.
Nami, ghorofa ya tatu ya jumba la jiji,
nafungua ramani, nachora duara.

Hiyo ndiyo kazi yangu, maduara.
Ndani ya duara msumeno haulii,
na barabara ikifika ukingoni hupinda kiuno
kama mtu anayempisha mjamzito mlangoni.

Diwani Kauko Pellikka hapendi barabara zenye viuno.
Amesimama barazani mara tatu mwaka huu,
miwani imempanda kwenye paji:
"Euro laki tisa, waheshimiwa, laki tisa,
kwa ajili ya choo cha panya!"
Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, nimeinama.
Saimi alifungua mkoba,
akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi, kimeoshwa,
akakipitisha meza hadi meza.
Ndani yake punje saba.
Hakuna aliyekinusa, ila kila mmoja alikishika
muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Usidhani mji wetu ni mtakatifu.
Tunakata. Mbawakavu wakiingia chini ya magome
tunauangusha mti pamoja na jirani yake,
na mama wa Puijo anayedai jua la jikoni mwake
hupewa jua lake.
Msitu wa mji ni kama kichwa cha mtoto wa shule:
una mwenyewe, na bado kila mpita njia
ana la kusema juu ya nywele.

Sasa niseme langu.

Mwaka juzi, Novemba, saa kumi jioni na giza limeshaingia,
kidole kiliniteleza kwenye kipanya.
Milimita tatu kwenye skrini,
mita ishirini na tano ardhini.
Duara likasogea. Nikahifadhi. Nikaenda kunywa kahawa.

Veikko Tarvainen, fundi msumeno wa jiji, hufuata ramani.
Alikata mpopla uliosimama nje ya mstari wangu,
na ulipolala akaona tundu,
na ndani ya tundu ndevu za miti
zilizosokotwa kuwa godoro,
bado lina vuguvugu.

Hakuripoti. Hakunifokea.
Alikata kipande chenye tundu, urefu wa dhiraa,
akakibeba hadi ofisini, akakilaza juu ya karatasi zangu.
"Hapa ndipo palikuwa," akasema,
akatoka, unga wa mbao ukimdondoka mabegani.

Kipo dirishani hadi leo. Wageni hudhani ni pambo,
hutaka kuchomeka kalamu.
Nawakatalia.

Saimi anajua. Hajawahi kuniuliza.
Ila Aprili hii simu ililia kabla ya alfajiri:
"Vaa buti. Leo utahesabu wewe."

Magoti yangu yamelowa.
Miaka kumi na tisa, ananiambia,
na kindi mwenyewe hajamtia machoni hata mara moja.
Anamjua kama unavyomjua mpangaji wa ghorofa ya juu,
kwa anachoangusha.

Napekua majani ya mwaka jana.
Mti wa kwanza, hakuna. Wa pili, koni zilizotafunwa.
Wa tatu una utepe mwekundu wa Veikko, maana yake Jumatatu.
Nainama chini yake, uso karibu na ardhi,
nanusa uozo, barafu, kitu kama uyoga.
Nakaa.

Moja.

Nageuka kumwita Saimi.
Mkasi ameshautoa mfukoni.